Kitovu Ndani ya Chupa ya Uji

Siku ya kuniaga walinipa blanketi na saa ya ukutani. Saa, wampe mtu ambaye wametoka tu kumwambia kwamba hana tena mahali pa kuchelewa! Halafu msimamizi wa sherehe akaniambia, "Mzee Onchiri, tupe maneno machache, lakini machache kweli, chakula kinapoa." Nikasema asanteni, nikakaa. Yaliyobaki tumboni ndiyo haya. Nyinyi vijana mnaosukuma vitanda pale hospitalini sasa mtayasoma mkiwa mmeshiba.

Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Mjukuu wangu ananisahihishia. Mkikutana na neno kubwa mjue ni lake.

Kabla ya hospitali nilikuwa Tabaka, kwenye machimbo ya mawe ya sabuni. Kubeba mawe niliweza. Kuchonga, hapana. Viboko wangu walifanana na mbwa, na mbwa wangu hawakufanana na kitu. Mnunuzi mmoja alichukua kazi yangu, akaigeuza juu chini, akauliza, "Huyu amelala au amekufa?" Nikajua Mungu hakuniita huko. Binamu yangu aliyekuwa akifyeka nyasi hospitalini Kisii akaniambia wanatafuta mtu mwenye mgongo. Mgongo nilikuwa nao.

Siku ya kwanza nilipewa aproni, toroli, na buti za mpira, zote za mguu wa kushoto. Nikampelekea Mzee Ratemo, mkubwa wa sisi wahudumu. Akazitazama, akanitazama. "Vaa tu," akasema. "Siku utakayopata ya kulia utakuwa umeshazoea." Na ndivyo ilivyokuwa. Ya kulia ilipokuja ilinichubua.

Ratemo ndiye aliyenifundisha kazi. Alinifundisha kwamba ukisukuma mgonjwa usikimbie hata kama daktari anakupigia kelele, maana ukikimbia wodi nzima inadhani kuna moto. Alinifundisha kutofautisha taka ya kuchomwa na taka ya kuzikwa, na kuwasha tanuri la taka siku ya mvua bila kuwafukiza wagonjwa kama nyuki. Lakini kazi aliyoniachia kama urithi ilikuwa ya mlango wa nyuma wa wodi ya wazazi.

Mnajua kwetu. Mtoto akizaliwa, kondo ya nyuma na ile kamba ya kitovu haviachwi ugenini. Nyanya wa upande wa baba, magokoro mwenyewe, anavipeleka nyumbani vizikwe kwenye migomba, na hapo ndipo mtoto anakuwa na kwao. Mtu akipotelea mjini miaka na mikaka, watu wanasema msilie, atarudi, kitovu chake kiko hapa. Hospitali ina shimo lake na tanuri lake, lakini familia ikiomba inapewa. Mpeanaji nilikuwa mimi. Mwanamume mzima, mzee wa kanisa, kazi yangu kujua kondo ipi ni ya nani.

Kuna namna yake. Jani la mgomba unalibabua kidogo motoni lisipasuke, unafunga, unakabidhi kwa mikono miwili, mlango wa nyuma, si mbele wanakopita wageni na mafungu ya ndizi. Baadaye mifuko ya plastiki ikaja, nami nikajiona mtu wa kisasa. Kisha serikali ikapiga marufuku mifuko hiyo, tukasifiwa sana kwa kulinda mazingira, na magokoro mmoja akaniuliza, "Kwani wewe, jani lilikukosea nini hapo kwanza?"

Sista Akinyi, mkuu wa wodi ile, anatoka upande wa ziwani. Nilidhani atanicheka na majani yangu. Akasema, "Onchiri, kwetu pia tunazika. Funga vizuri, hilo linavuja."

Sasa niwaambie kesi ya Kerubo, kwa sababu naona inasimuliwa vibaya pale kantini.

Kerubo ni mwalimu wa shule ya msingi huko Nyamira, kwao ni mashamba ya chai. Wakati huo nilikuwa nimezeeka kiasi cha kuongezewa kazi, si kupunguziwa, kwa hiyo nilikuwa pia nasukuma wagonjwa wa kliniki ya ghorofani. Yeye alianza na wekundu mashavuni, pande zote mbili za pua, kama mtu aliyepigwa kofi na mabawa ya kipepeo. Viungo vikauma, nywele zikaanguka. Akatibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa baridi ya mifupa. Jirani mmoja akasema ni jicho la mke wa amu yake, na yule mke wa amu yake akasema ni jicho la jirani. Mwisho akafika kwa Daktari Nafula, dada mmoja mpole kutoka Bungoma, naye akapima damu akasema: lupus.

Mama yake, Bosibori, akauliza, "Huyo lupus ni mdudu wa wapi?"

"Si mdudu, mama," daktari akasema. "Mwili wa kila mtu una askari wake wa kulinda boma. Wa Kerubo wameacha kulinda. Wanapiga wenye boma."

Bosibori akapiga paja. "Sungusungu!"

Daktari hakuelewa, ikabidi nimweleze kwamba sungusungu ni wale vijana wa kulinda kijiji usiku, wanaoanza kwa kufukuza wezi na kumalizia kwa kubisha mlangoni kwako. Daktari akacheka. "Basi ndio hao. Na hivi vidonge ni chifu na askari wake. Vinatuliza, lakini kwa rungu, na rungu halichagui. Ndiyo sababu uso utavimba, na homa ndogo zitaingia kwa urahisi. Lakini usiviache, Mwalimu. Ukiviacha ghafla, hao sungusungu watakuja kwa figo."

Kerubo akavinywa. Na uso kweli ukavimba, ukawa mviringo kama mwezi. Wanafunzi wakampa jina, Mwalimu Mkate. Hilo alivumilia, watoto ni watoto. Lakini kanisani akina mama walimshika tumbo wakimwuliza, "Mwalimu, tutakuja kunywa uji lini?" Naye hajaolewa, na kijana aliyekuwa akimtembelea siku za Sabato alianza kupata shughuli nyingine siku za Sabato. Aliniambia haya kwenye korido nikimsukuma. Watu humwambia msukuma kiti mambo mengi, kwa sababu yuko nyuma, hawamwoni uso.

Sasa redio. Bosibori huchuma chai na redio ndogo imefungwa kiunoni. Siku moja daktari fulani alikuwa akiongea Ekegusii, lugha yetu, hewani, akasema ng'ambo wanajaribu kitu kipya kwa lupus. Wanachukua seli shina, vichembe vichanga ambavyo bado havijaamua vitakuwa nini maishani, kutoka kwa kitovu cha mtoto aliyezaliwa sasa hivi, wanamtilia mgonjwa kwenye mshipa, na wale askari wanatulia bila rungu. Nina hakika yule daktari aliendelea kusema kwamba bado ni majaribio na mtu asithubutu kuacha dawa. Lakini hapo katikati yakaingia matangazo ya vifo, na Bosibori, kama Mkisii yeyote mwenye akili, aliacha habari za kupona akasikiliza nani amekufa. Kumbe ni mtu anayemjua. Alipomaliza kusikitika, kipindi kilikuwa kimekwisha.

Kliniki iliyofuata akamwuliza Daktari Nafula kama ni kweli. Nilikuwa hapo nimeshika kiti.

"Ni kweli wanajaribu, mama, na wengine wameonekana kupata nafuu," daktari akasema. "Hizo seli si chifu. Ni kama wazee wa kusuluhisha, wanawakalisha askari chini wanaongea nao. Lakini si kitovu chenyewe kinachowekwa. Ni vichembe vyake, vinachaguliwa, vinaoshwa, vinaoteshwa maabara." Akatafuta mfano. Maskini, akaupata. "Ni kama ile miche ya migomba ya maabara. Wanachukua kipande kidogo cha mgomba, wanakiotesha kwenye chupa, mnapata miche mingi isiyo na ugonjwa."

Bosibori akaitikia kwa kichwa. Mimi ni mtu wa Kiogoro, nina migomba yangu, nikajua anachowaza. Ile miche ya maabara tumeiona, ni mizuri, inatoka na vyeti. Lakini migomba ya babu zetu haijawahi kuona chupa. Unang'oa chipukizi kwa mama yake, unachimba shimo, unaweka samadi, unaenda zako. Kumwambia mwanamke wa Nyamira kwamba kitu ni kama mgomba ni kumwambia kwamba anakiweza.

Nikamsukuma Kerubo, na wote wawili wakaenda zao wakiwa wapole sana. Upole ule ungenishtua kama ningekuwa na akili.

Moraa, mke wa kaka yake Kerubo, alikuwa mjamzito. Akaja kujifungulia kwetu, akapata mtoto wa kiume mwenye sauti ya mnadi wa sokoni. Asubuhi hiyo Bosibori akaja mlango wa nyuma, magokoro mwenye haki zake zote. Lakini hakuwa na beseni. Alikuwa na chupa ya uji, ile ya kuhifadhi joto yenye mdomo mpana, mpya kabisa.

"Mama Kerubo, beseni iko wapi?"

"Barabara ya kwetu unaijua, baba. Itamwagika."

Jibu zuri, nami barabara naijua. Kondo nikaifunga kwenye jani, kitovu akasema kiingie kwenye chupa. Akafunga kifuniko kwa nguvu, akanishukuru, akaondoka. Lakini hakuelekea langoni. Alipanda ngazi.

Siku hiyo ilikuwa ya kliniki ya Kerubo, nami nikaitwa nipeleke kiti mpaka barabarani, kwa kuwa hakuweza kutembea. Nikamwona miguu. Ilikuwa imejaa, viatu havijafungwa. Nikauliza, "Mwalimu, kulikoni?" Akasema, "Leo inaisha, Mzee." Nikadhani ni maneno ya imani.

Tulipoingia kwa daktari, Bosibori alikuwa tayari amekaa, na chupa iko mezani.

"Asante sana mama," Daktari Nafula akasema, "lakini uji nimekunywa sasa hivi."

"Si wa kunywa." Akafungua. "Bado kina joto. Ni cha mjukuu wangu, damu ya nyumba yetu. Mwekee sasa kabla hakijapoa."

Nimeona madaktari wakiona mengi. Yule dada alisimama, akakaa, akafunga kifuniko yeye mwenyewe, polepole, kama anayemfunika mtoto.

"Mama, siwezi."

"Ulisema ni kama mgomba."

"Nilisema maabara, mama. Kitovu hiki kikiingia mwilini hivi kitamwua kwa sumu leo hii. Hata huko wanakojaribu, hawana hakika bado nani kitamfaa na kwa muda gani. Hakipo hapa kwetu. Siku kikija kwa njia ya haki nitamwita Kerubo wa kwanza, naapa."

"Sasa itakuwaje?" Bosibori akasema, na sauti yake ilianza kupanda. "Binti yangu amekaa bila vidonge akiningoja! Nilimwambia chifu na wazee hawakai baraza moja. Mmoja anapiga, mwingine anasuluhisha, watasikizana wapi?"

Daktari akamgeukia Kerubo. "Umeacha vidonge? Tangu lini?"

"Tangu tumbo la Moraa lianze kushuka," Kerubo akasema kwa sauti ndogo.

Daktari akapiga magoti, akabonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki, kama kwenye unga uliokandwa. Akampeleka kupima mkojo, ukawa na povu. Aliporudi na majibu hakutumia mifano tena. "Figo zimeguswa. Bado hazijaharibika kabisa. Leo unalazwa, nakuwekea dawa kwa mshipa, na vidonge unarudia leo hii. Ukikataa, Kerubo, utazipoteza, na unaweza kufa."

Kitandani alikubali sindano. Vidonge alivitazama kwenye kile kikombe kidogo akageukia ukuta.

"Sitaki," akasema. "Nimevaa uso wa mtu mwingine mwaka mzima. Afadhali nizikwe na wangu."

"Mwana wangu."

"Mama, wewe hawakushiki tumbo."

Daktari akabembeleza. Mchungaji aliyekuwa akipita wodini akaombea, akaondoka. Bosibori alikuwa ameikumbatia ile chupa kifuani.

Wakati huo huo Sista Akinyi akanipigia simu kutoka chini. "Onchiri, mzazi anauliza, kitovu cha mtoto wake kimekwenda nyumbani?"

"Kiko huku juu, Sista, kwa daktari."

Akauliza, "Kinaumwa nini?"

Na Moraa hakungoja jibu. Tukasikia kandambili kwenye ngazi, moja moja, na huyo akaingia, leso kiunoni, mtoto begani, uso umekauka kwa uchungu. "Mama," akamwambia mama mkwe wake, kwa heshima, lakini heshima ya kisu kilichomo kwenye ala, "kitu cha mtoto wangu kiko wapi?"

Bosibori akatazama chupa. Akamtazama mjukuu. Akamtazama binti yake aliyegeukia ukuta. Hapo nilimwonea huruma, kwa sababu nilielewa alichokuwa amefanya. Yule mwanamke anaamini kabisa kwamba mtoto asiyezikiwa kitovu hana kwao. Anaamini kuliko daktari anavyoamini maabara. Na bado alikileta hapa ili kiingie kwa mwili wa Kerubo, kisirudi. Alikuwa amechagua kati ya mizizi ya mmoja na uhai wa mwingine, asubuhi ile ile, akipanda ngazi peke yake.

Akaiweka chupa kitandani, miguuni pa Kerubo.

"Haya," akasema. "Mimi hii siiziki. Itakaa hapo. Siku utakayomeza ndiyo nitaipeleka kwenye migomba. Usipomeza, mtoto wa ndugu yako atakua bila kwao, na akiuliza ni kwa nini, nitamwambia ni shangazi."

"Mama!" Kerubo akageuka. "Hiyo ni dhambi!"

"Ni dhambi. Meza."

Kerubo akamtazama Moraa amwokoe, kwa sababu mke wa kaka hupenda kumwokoa wifi wake ili amdai wema baadaye. Moraa alikuwa ameegemea ukingo wa kitanda, jasho linamtoka.

"Wifi," akasema, "mimi nimeshonwa saa hii, na nimepanda ngazi. Meza."

Mtoto akachagua hapo kulia, kwa ile sauti yake ya mnada. Wodi nzima ikaamka. Mgonjwa wa kitanda cha tatu, ambaye hakuwa amealikwa, akasema, "Si umeze tu, dada, tulale." Kerubo akakaa. Akachukua kikombe, akavimimina vidonge mdomoni vyote pamoja, akanywa maji huku amemkazia mama yake macho, kama mtu anayemeza kesi.

Daktari Nafula akasubiri mpaka maji yashuke. "Mama," akasema taratibu, "hivi ni vya kila siku."

Kerubo akapangusa mdomo. "Na kesho utanishika na nini?"

Bosibori alikuwa ameshainua chupa, yuko njiani kwenda mlangoni. "Moraa bado ni kijana," akasema. "Atazaa wengine."

"Si kesho, mama," Moraa akasema.

Hapo ndipo Kerubo alipocheka, akicheka na kulia pamoja, mpaka sista wa zamu akaja kuangalia kama ni dawa imempanda kichwani.

Kitovu kilizikwa jua likiwa bado juu, kaka yake Kerubo akichimba na Bosibori akimwelekeza kana kwamba hajawahi kuona jembe. Kerubo alikaa wodini muda, na vidonge akameza, siku nyingine kwa hiari, siku nyingine baada ya simu ya mama yake. Figo zilishikilia. Daktari alipunguza vidonge kidogo kidogo, na uso ukarudi taratibu, si wote, wa kutosha. Lupus bado anayo, msidanganyike. Anafundisha na kofia pana kama ungo wa kupepetea, maana jua huamsha ule wekundu, na akina mama wa kanisani sasa wanamwuliza juu ya kofia. Seli shina zenyewe hazijafika kwetu. Huko ng'ambo bado wanajaribu, na Daktari Nafula anaulizwa kila kliniki gari la kuzileta limekwama wapi.

Karibu na mwisho wangu kazini, daktari kijana wa mafunzo alinisimamisha kwenye korido. Alikuwa amesikia mambo kantini. "Mzee, eti ni kweli kitovu kiliwahi kumtibu mgonjwa wa lupus hapa?"

Daktari Nafula alikuwa nyuma yake, anaandika. Nikamwangalia. Hakuinua kichwa.

"Kweli," nikamwambia. "Lakini kilikuwa ndani ya chupa, na kifuniko kimefungwa."